Mkanda Nisiouvuta

Nyinyi vijana wa kanisani na rafiki zenu wa Rosettenville mmeniuliza mara tatu jinsi mtu anavyoingia kazi ya kupeleka watu kwenye maji meupe. Mara mbili za kwanza nilijibu kwa mzaha, kwa sababu mlikuwa na simu mkononi na nusu ya macho yenu ilikuwa huko. Mara ya tatu mlikuja bila simu, mkaketi, na mmoja wenu akatoa kalamu. Basi nimeona niandike, maana bega langu la kulia haliniruhusu tena kuwaonyesha kwa kafi.

Nina miaka hamsini na miwili. Katika ofisi za Sandton mtu wa umri huo ndiyo kwanza anapewa kiti cha ngozi. Mtoni huyo ni babu. Nilianza kwetu Sagana, kwenye mto Tana, nikiwa kijana mwenye magoti mazuri, na nikamalizia huku kwenye Vaal mwaka huu wa 2019. Katikati hapo nimemeza maji mengi kuliko chai.

Tuanze na jambo lenyewe. Maji meupe ni mto uleule mnaoujua, ila umefika mahali ambapo sakafu yake imeteremka na kujaa mawe, maji yakabanwa, yakaanza kukimbia na kutoa povu. Sisi tunachukua boti la mpira lililojazwa upepo, tunakalisha watu sita au wanane pembeni, kila mmoja na kafi lake, nahodha anakaa nyuma, na tunapita humo makusudi. Mama yangu mzazi hakuwahi kulielewa hilo neno makusudi. Alikuwa akisema kwamba mtu mwenye akili akikuta mto umekasirika, huzunguka.

Mito hupimwa kwa daraja, la kwanza hadi la sita. La kwanza unaweza kulipita na kikombe cha chai mkononi. La sita waachieni waliokwisha kuandika wosia. Vaal pale karibu na Parys, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa Johannesburg, mara nyingi ni daraja la pili, na mvua ikinyesha vizuri hufika la tatu. Msije mkacheka hilo la pili. Nitawaeleza baadaye kwa nini mimi silicheki.

Nilivyopata kazi huku ni hivi. Tulihamia mwaka 2015, mimi na mke wangu Chantal, ambaye mnamjua kwa ushonaji wake pale katikati ya jiji. Miezi ya kwanza nilikuwa mlinzi kwenye jengo moja Sandton, navaa tai, nafungua geti, nafunga geti. Siku moja nikitoka kazini nilisimama kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, nikingoja kuvuka, na mbele yangu kukasimama pikapu inayokokota trela, na juu ya trela boti la mpira limefungwa kichwa chini. Nilisikia kama nimemwona ndugu yangu. Nikagonga kioo cha dereva. Ingekuwa usiku labda angenitoroka, lakini ilikuwa saa tisa alasiri, akateremsha kioo, nami nikamwambia kwamba kamba yake ya nyuma imefungwa vibaya na ule mpira utachubuka kabla hajafika anakokwenda. Taa ikawaka kijani, magari yakaanza kupiga honi. Yule dereva akatazama tai yangu, akatazama kamba, akaniambia niingie.

Huyo ndiye Ntate Moeketsi, Msotho wa kule kule Parys, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, aliyenifundisha Vaal. Nilimwita Ntate tangu siku ile, kama kwao wanavyomwita mtu mzima, na yeye aliniita Kenya. Nilikuwa na sifa nyingi za Tana na nilimpa zote kabla hatujatoka mjini. Alisikiliza tu.

Wiki ya pili akaniachia boti na wageni sita. Vaal ni mpana na mvivu, na umejaa visiwa, kila kisiwa kinagawanya maji mara mbili, kila tawi linagawanyika tena. Mimi nikachagua tawi lililopendeza macho. Likawa jembamba, likawa la matete, mwisho likawa la matope, na wale wageni sita, waliolipia kusisimka, wakabeba boti vichwani kupita kwenye miiba kama watu wanaohamisha kitanda. Tulipotokea upande wa pili tulimkuta Ntate ameketi kwenye jiwe anakunywa chai ya chupa. Hakunigombeza. Aliwauliza wageni kama wameona ndege wengi huko walikopita.

Kutoka hapo nilijifunza kuuliza. Nikifika mahali nisipopajua, nashuka, natembea ukingoni, natazama maji kabla hayajanitazama. Nanyi mfanye hivyo. Mkiona maji yametengeneza umbo la ulimi, laini, ncha yake ikielekea mnakokwenda, hiyo ni njia. Ncha ikiwaelekea nyinyi, hapo kuna jiwe limejificha. Maji yaliyotulia nyuma ya jiwe kubwa, yanayozunguka kurudi juu, ni baraza ya mto. Hapo mtaegesha boti, mtapumua, mtahesabu watu. Hesabuni watu kila mara. Nimemjua nahodha aliyekuwa hodari sana na alihesabu makafi badala ya watu.

Na kafi lenyewe, kichwa chake kile cha juu hakiachiliwi. Mkono mmoja unakaa hapo tangu mnaondoka mpaka mnafika. Kichwa cha kafi kilichoachiwa hutafuta meno ya jirani. Mimi hili jino la mbele mnalolisifu ni la daktari.

Wageni wagumu kuliko wote ni wakubwa wa kazi. Waliwahi kuja Wakenya wenzangu wa benki fulani, watu wanane, wote mameneja. Nilifurahi kupata watu wa kuongea nao lugha ya nyumbani. Nikawaambia, nikisema mbele mnapiga mbele, nikisema nyuma mnapiga nyuma, nikisema shika mnashika kamba. Wakakubali kwa vichwa. Tulipofika kwenye maji, mmoja akasema mbele, mwingine akasema hapana ngoja kidogo, wa tatu akauliza ni nani aliyeamua tupite kushoto. Boti likazunguka mara nne kama kuku aliyefungwa mguu, tukateremka kinyumenyume mpaka chini. Hakuna aliyeumia. Yule mkubwa wao aliniomba radhi jioni, akaniambia kwamba kwa miaka kumi na moja hakuwa ameambiwa la kufanya na mtu yeyote isipokuwa mkewe.

Ukianguka majini, lala chali. Miguu juu, vidole vionekane, ielekee mnakokwenda, ili jiwe likutane na soli badala ya kichwa. Usisimame. Hata maji yakiwa ya magotini, usisimame, kwa sababu mguu unaingia katikati ya mawe, maji yanakusukuma mgongoni, yanakulaza kifudifudi na mguu hautoki. Watu wengi hufia mahali ambapo wangeweza kusimama. Nawaandikieni hili mara moja tu, lakini lisomeni mara mbili.

Sasa nifike kwenye jaketi okozi, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jaketi lina vifungo vitatu mbele na mikanda miwili kila ubavu. Mtu analivaa mwenyewe, lakini hajikazi mwenyewe. Nahodha ndiye anayekaza. Unasimama mbele ya mtu, unavuta mikanda ya ubavuni mpaka akulalamikie, kisha unashika ile mikanda ya mabegani kwa mikono miwili na unamwinua. Jaketi likibaki mahali pake, yuko salama. Likipanda mpaka masikioni, unaanza upya. Kazi hiyo humpati mtu wa kukufanyia. Mimi nimewakaza wachungaji wa kanisa, maharusi, mwanamieleka mmoja mstaafu na wasichana waliokuwa wanacheka kwa sababu ya kutekenywa. Sikuwahi kuona haya, mpaka siku ya mama mkwe.

Inabidi niwaeleze kwanza nyumbani kwangu, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa huku na mambo haya mnayasikia kwa mbali tu. Mama yake Chantal anaitwa Mama Kabedi. Ni Mluba, ametoka upande wa Lubumbashi, na kwa mila yao mwanamume na mama wa mkewe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Hata kwetu Ukikuyuni mama mkwe ni mtu wa kuogopwa, kwa hiyo sikuona ugumu. Ugumu ulikuwa nyumba. Tulikaa naye Turffontein kwenye vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na heshima yetu ilihitaji vyumba kumi. Akitaka kupita alikohoa, mimi nikaingia jikoni. Nikitaka kupita nilikohoa, yeye akaingia chumbani. Jirani yetu aliwahi kumwuliza Chantal kama tumepimwa kifua.

Kwa miaka miwili mazungumzo yetu yote yalipita mlangoni au kwa mtu wa tatu. Lakini nilimpenda yule mama. Alikuwa akiniachia samaki sehemu ya kichwa, na mimi nikitoka mtoni nilimletea mbaazi na mahindi mabichi kutoka mashamba ya Parys, naviweka mezani na kuondoka. Tulijuana kwa njia hiyo.

Mwezi wa tatu mwaka 2017 kwaya ya wamama wa kanisa lao, lile la ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani pale mjini, iliamua kutoka kwa siku moja. Chantal ndiye aliyewaambia waje mtoni. Walikuja wamama kumi na wanne kwenye teksi ya kukodi, yaani matatu ya huku, wanaimba tangu barabara kuu, na Mama Kabedi, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, ameketi karibu na dereva. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima. Vaal ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na umejaa vizuri, ila bado tuliuhesabu daraja la pili.

Tulikuwa na maboti mawili. Ntate alitaka kuwagawa kwa uzito, kama inavyotakiwa. Wamama wakakataa. Walisema Mama Kabedi hawezi kwenda na mtu baki wakati mkwe wake yupo, mkwe ndiye atakayemwangalia. Na nitasema ukweli, nilivimba kichwa. Miaka miwili yule mama alikuwa hajui ninafanya nini huko ninakotoka na nguo mbichi. Nilitaka aone. Wakamweka mbele kabisa, kiti cha heshima, ingawa mbele ndipo panapopigwa na maji kwanza, na sikusema kitu.

Nikaanza kukaza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, kila mmoja namvuta na kumwinua, wanacheka. Nikafika kwa wa saba. Mama Kabedi alisimama ametazama mto, mimi nikatazama mti. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya suruali yake na kukipandisha mpaka juu ya tumbo, kisha jaketi juu ya kitenge. Nilijua kitenge hicho lazima kitoke, kwa sababu kikilowa kinateleza, na jaketi linateleza nacho. Lakini ningemwambiaje mama mkwe avue nguo, hata kama kuna nguo nyingine chini? Na ile mikanda ya ubavuni ipo hapa, chini ya kwapa, karibu na kifua. Mikono yangu ilikataa kabisa kuinuka.

Basi nikamwomba Mama Esther, mwimbaji mwenzake, amkaze kwa niaba yangu. Naye Mama Esther alikuwa mdogo wake kwa umri na kwa cheo cha kwaya. Alivuta mkanda mmoja kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa unywele kwenye nguo ya mtu, akagonga kifungo, akasema ni sawa. Nilijua si sawa. Niliona kabisa nafasi ya ngumi nzima kati ya jaketi na mwili. Nikasema tuingie kwenye boti.

Ntate alitangulia na boti lake, akapita, akaegesha chini kwenye maji yaliyotulia akiwa na mfuko wa kamba mkononi, kama tunavyofanya siku zote. Nikafuata. Katikati ya mteremko kuna jiwe kubwa bapa, na siku hiyo maji yalikuwa yanasukuma kwa nguvu kuelekea kwake. Tuligota ubavu mzima. Sasa, boti likigota kwenye jiwe, kila mtu lazima aegemee jiwe, akumbatie jiwe kama ndugu, la sivyo maji yanapanda upande wa pili na kulizamisha. Niliwafundisha nchi kavu na nikapiga kelele kwenye jiwe, kwenye jiwe. Wakakimbia jiwe, wote, kama afanyavyo mtu yeyote anayeona jiwe. Ubavu wa juu ukazama, boti likainama, na mtu mmoja tu akatoka, yule wa mbele.

Boti likazunguka na kujinasua. Nikamwona hatua kama tano kutoka kwetu. Jaketi lilikuwa limempanda mpaka juu ya masikio, haoni, na mikono imeinuka. Nikawaambia wamama wapige mbele, na siku hiyo walipiga mbele kama askari, tukamfikia. Nikainama, nikashika mikanda ya mabegani kwa mikono miwili, nikavuta juu kama nilivyovuta mamia ya watu.

Jaketi likaja. Yeye hakuja. Nilivuta jaketi, na uso wake ukapotea ndani yake, kisha kidevu, kisha nikaona nywele zake za mvi tu na mwili unateremka chini ya maji, mikono yake miwili ikitoka kwenye jaketi kama mtu anayevuliwa shati. Kwa kipande cha sekunde nilikuwa nimeshika kitambaa kitupu kilichojaa hewa.

Nahodha haachi boti lake. Hiyo ni sheria ya kwanza, na bado naiamini. Niliacha boti langu na wamama sita, nikaruka. Nikampata chini, kwa mkono wa kulia, nikampitishia mkono kifuani na kumbana kwangu, kwa nguvu zote, na mto ukatupitisha kwenye mawe hivyo, mgongo wangu ukitangulia. Ndipo bega lilipoachia mara ya kwanza. Kamba ya Ntate ikatuangukia usoni, nikaishika kwa mkono wa kushoto, akatuvuta kwenye baraza ya mto. Wamama wenzake walishika matawi ya mti na kungoja, wanalia. Kitenge hatukukiona tena.

Alikohoa maji kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemkalisha kwenye mchanga, ameniegemea, mikono yangu bado imemzunguka, kwa sababu nilisahau kuiondoa. Nilikwepa kugusa mkanda wake, na sasa nilikuwa nimemkumbatia kama mtoto mbele ya kwaya nzima. Nilipokumbuka, nikainuka, nikaenda kukaa mbali nyuma ya pikapu iliyokuwa imeletwa kutungoja hapo. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliona uoga, uoga wa kurudi Turffontein na kumwambia Chantal habari ambayo ilikuwa imekosa kuwa kweli kwa pumzi moja.

Ntate akaja na lile jaketi. Alilitazama, akapima mikanda yake kwa kidole, akauliza nani alimkaza. Nikamwambia hakuna. Nikamweleza yote, mila, ukumbi, kukohoa, Mama Esther. Aliketi chini kando yangu.

"Eish, Kenya," akasema. "Kwetu pia mkwe hagusi. Najua. Lakini mimi si mkwe wake. Nilikuwa pale, hatua tatu. Kwa nini hukuniita?"

Swali hilo nimejiuliza mara nyingi. Heshima haikunikataza kumwita Ntate. Haikunikataza kumhamishia kwenye boti lake. Kilichonikataza kilikuwa kujionyesha, nilitaka aonekane amevushwa mto na mkwe wake. Vijana, hapo ndipo msikilize. Mila ina njia zake za kupita, wazee walizitengeneza, siku zote kuna mtu anayeruhusiwa kushika pale usiporuhusiwa wewe. Mtafuteni. Mkimwacha kwa ajili ya fahari yenu, msije mkasingizia mila.

Ntate aliandika taarifa ya kweli, bila kunificha. Wiki tatu zilizofuata sikupanda boti. Nilipiga pampu, nikaziba viraka, nikaosha majaketi na kuyaanika. Ilikuwa haki. Na nyumbani tulifanya yaliyopaswa kufanywa kwa mila yao: wazee wawili wa ukoo walikuja kutoka Yeoville, kuku akachinjwa, maneno yakasemwa, mimi nikiwa ukumbini na mama mkwe chumbani. Tangu hapo hatujagusana tena. Bado hatuli meza moja.

Lakini nimeruka mbele, na jambo lenyewe lilibaki kule mchangani.

Tulikuwa nusu ya safari. Chini yetu kulikuwa na mteremko mmoja zaidi, mdogo, kisha mahali pa nyama choma ambapo teksi yao ilikuwa inangoja. Ntate akawaambia wamama kwamba asiyetaka kuendelea atapanda pikapu, na kwamba Mama Kabedi bila shaka atapanda pikapu. Wakaanza kumkusanyia vitu vyake. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba sitashika kafi tena, si siku ile tu. Nilikuwa nimeanza kufikiria ile tai ya Sandton na geti lake.

Nikasikia hatua mchangani. Nikainua kichwa, nikaona miguu ya mama mkwe imesimama mbele yangu, mitupu, ina mchanga. Nikainamisha macho haraka. Alikuwa amevaa suruali yake na lile jaketi lililolowa, alilolichukua kwa Ntate, vifungo vyote vitatu amefunga mwenyewe. Wamama wote walikuwa wametugeukia.

"Mukwe," akasema kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bila mlango katikati. "Ulikuwa unaniogopa mie, ao ulikuwa unaogopa macho ya batu?"

Nikasema, "Mama, nilikuheshimu."

"Kama ningekufa mu maji, ile heshima njo ingenizika?"

Akageuza uso wake kuelekea ng'ambo ya mto, kama mila inavyotaka, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuiacha hapo. Alikuwa na miaka sitini na nane.

"Vuta," akasema.

Nikasimama. Nami nikageuza uso wangu upande wangu, nikatafuta mikanda kwa vidole bila kutazama, wa kushoto, wa kulia. Bega lilikuwa linawaka moto. Nikavuta.

"Vuta tena."

Nikavuta tena, mpaka nikasikia pumzi yake inabanwa na akagumia. Kisha nikashika mikanda ya mabegani kwa mikono miwili, nikamwinua mpaka visigino vyake vikaachana na mchanga. Jaketi halikupanda.